Gauni la Mama Lililoungwa Kwapani

Chumba cha cherehani,
Nyumbani kwa Mama,
Jumapili jioni, 14 Januari.

Mpendwa Dada,

Habari za huko? Shemeji mgongo wake unaendeleaje? Na wapwa zangu wanakula vizuri, au yule wa mwisho bado anachagua chakula kama mgeni wa heshima? Sisi huku hatujambo. Mama goti linamsumbua asubuhi tu, likishapata joto anatembea kunishinda mimi. Presha yake imetulia. Mke wangu mzima, watoto wazima, kelele zao ndizo zinazoniamsha. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayasoma.

Nilipata ujumbe wako kuhusu blauzi niliyokutumia Krismasi. Umesema imekukaa kana kwamba nilikupima jana yake, na wenzako kazini wameuliza umeinunua duka gani. Tangu siku ile sijakujibu, na najua umeshaanza kusema ni yuleyule Njoo Kesho. Ndiyo, wateja bado wananiita hivyo, na siku hizi hata wanangu wameanza. Lakini safari hii si uvivu, ni aibu, Dada. Kila nikishika kalamu naiweka chini.

Unakumbuka Novemba uliponiuliza utume nini kwa ajili ya Krismasi? Nilikujibu kifua mbele kabisa: usitume kitu, mwaka huu Krismasi ni juu yangu, kila mtu atavaa nguo mpya kutoka mkononi mwangu. Wakati nayaandika maneno hayo nilikuwa nimeshajua kwamba shule imewapa watu wengine kazi ya kushona sare. Si unajua, ile kazi ndiyo iliyokuwa inatubeba kila mwisho wa mwaka. Mwalimu mkuu alinipigia simu ya adabu sana, akanishukuru kwa miaka yote, basi. Nikarudi kwenye cherehani, nikakaa naitazama. Mke wangu nilimwambia malipo yamechelewa. Wewe nikakuringia.

Chakula kilipatikana, tusimkufuru Mungu. Lakini vitambaa vya kuvisha nyumba nzima, hapana. Na Mama alishaanza kuwatangazia majirani.

Sasa nikueleze nilichofanya, na ukimaliza unitukane, nitakubali. Mteja akija kuuliza alete kitambaa kiasi gani, mimi namzungushia futi kiunoni, nakunja uso kama daktari, namwambia aongeze nusu mita. Mtindo huu unakula kitambaa, mama. Mkono huu unataka upana. Nani atabishana na fundi mwenye futi shingoni? Wote walileta. Nami nikakata kwa kubana, na kilichobaki nikakisukuma chini ya meza, kwenye gunia la vipande. Wiki ya Krismasi gunia lilikuwa limeshiba, na humo ndimo zilimotoka nguo zetu zote: mashati ya watoto, sketi ya mke wangu, gauni la Mama. Na blauzi yako, Dada. Hicho ni kitambaa cha yule mama wa duka la dawa.

Najua umeshamkumbuka Baba, Mungu amrehemu. Hakuna nguo iliyotoka humu chumbani enzi zake bila kifurushi chake. Vipande vyote vilivyobaki, hata vya ukubwa wa kiganja, vinakunjwa, vinafungwa kwa uzi wa rangi ileile, vinawekwa juu ya nguo. Wewe ulikuwa unafunga, mimi nafagia. Watu walimtania kwamba anawarudishia takataka. Naye anawajibu, ni takataka zako, katupe mwenyewe. Nilipobaki peke yangu niliacha kufunga vifurushi, kidogo kidogo, najidai sina muda. Kila mtu akazoea, na mimi nikazoea kuliko wote.

Mke wangu aliniuliza vitambaa vimetoka wapi. Nikasema nilikuwa navyo siku nyingi. Akanitazama, akaendelea kuosha vyombo.

Asubuhi ya Krismasi, we acha tu! Watoto waliruka mpaka meza ikatikisika. Mama alipokea gauni lake kwa mikono miwili, akaingia chumbani kulivaa, akakawia kidogo, kisha akatoka anazunguka kama bibi harusi. Gauni la bluu lenye maua meupe makubwa. Kitambaa cha nesi. Ndiyo, nesi huyuhuyu wa zahanati anayepita hapa kumpima Mama presha bila kungoja hata asante. Alikuwa ameniambia Krismasi atakuwa ukweni kwake, mbali, na gauni lake atalivaa huko. Ndiyo maana nilithubutu.

Kumbe hakusafiri, walimpanga zamu ya usiku. Tuko kanisani, wimbo wa kwanza haujaisha, naona maua meupe makubwa yanaingia mlangoni. Viti vyote vimejaa ila kimoja, na kilikuwa pembeni ya Mama. Akaja akakaa pale, bluu na bluu, maua na maua, kama kwaya ya watu wawili. Nikasikia watu wa nyuma wanaguna. Nesi akalitazama gauni la Mama, akanitazama mimi, nikaona ameelewa. Nikakimbilia kitabu cha nyimbo, nikakishika juu chini.

Mama ndiye aliyefungua mdomo, tena kwa sauti ya kusikika mpaka mbele. "Nesi, leo tumekuwa pacha! Nilimwambia mwanangu nimeipenda hii yako, akatafuta mpaka akaninunulia." Nesi akasema, "Imekupendeza, Mama." Basi. Angenifokea ningepumua. Nami nikawa najiuliza, ni lini Mama aliniambia amekipenda kitambaa cha nesi? Sikumbuki kabisa. Nikadhani ni uzee.

Wiki iliyofuata nesi alikuja na kile kipimo chake kama kawaida. Niliposikia sauti yake niliingia chini ya meza, mwanaume mzima mwenye ndevu, najidai natafuta sindano. Akachungulia mlangoni akaniuliza habari za kazi. Nikajibu nzuri, hukohuko chini. Nilijiambia nitamfuata kesho nimwombe radhi. Kesho yake nikajiambia tena kesho. Kwa jina hili hawakunionea.

Juzi Ijumaa Mama akaingia humu na gauni mkononi. Akakaa kwenye kigoda cha Baba, akaligeuza ndani nje, akanionyesha kwapani. Uzi ulikuwa umeachia. Pale nilikuwa nimeunga kipande cha pembetatu, maana kitambaa kilipelea, nikayapanga maua yakutane ili pasionekane. Akasema, "Hapa pamefumuka." Nikatunga uzi kwenye sindano. Akaendelea taratibu tu, wala hakupandisha sauti, kwamba aliolewa na fundi akiwa msichana, na mtu aliyekwenda dukani akanunua kitambaa haungi kwapani.

Nikamuuliza amejua lini. Akasema, "Siku ileile, nikilivaa." Nikamuuliza sasa kwa nini alitoka nalo. Akasema, "Wanao walikuwa mlangoni wananingoja."

Ilinichukua muda kuelewa, Dada. Kumbe kanisani alikuwa anajua. Alimwona nesi anaingia, akatambua kitambaa ni cha nani, akanifunika. Mama yetu huyu, aliyetuchapa sote wawili kwa kukana kwamba tumelamba sukari, amesema uongo kanisani, siku ya Krismasi, mbele za watu, kwa ajili yangu. Nililia humu ndani kama mtoto. Hakunibembeleza. Alingoja nimalize mshono, akachukua gauni lake, akasema, "Mimi langu nimeshatubu. Lako kalipeleke mwenyewe."

Jana nikapiga moyo konde nikaenda zahanati. Kumwita pembeni niliona haya, nikapanga foleni na wagonjwa. Zamu yangu ilipofika nesi akashika kalamu, akaniuliza naumwa wapi. Nikasema siumwi, ni gauni. Mzee aliyekuwa nyuma yangu akasogea asikie vizuri. Nikasema yote, mpaka habari ya nusu mita. Nesi akaweka kalamu chini, akasema, "Fundi, ungeniomba ningekupa."

Basi, hilo tu. Gauni akasema Mama aendelee kulivaa. Nikamwahidi nguo yake ijayo nitamshonea bure, akakubali, ila kitambaa atakipima mwenyewe kabla hajakileta. Yule mzee akacheka mpaka akakohoa. Sikumlaumu.

Njia nzima ya kurudi neno la nesi lilikuwa linanijia kwa sauti yako. Maana yeye sikumwomba, lakini wewe uliniuliza kabisa, nami nikakataa. Niliona kuomba ni aibu. Nikaenda kuchukua bila kuomba, nikaona hiyo si aibu mpaka nilipokamatwa na mama yangu mzazi.

Mke wangu nimemweleza yote, la shule na la gunia. Ameninunia. Chakula ananiwekea, ananifunikia, hasemi neno. Ana haki yake.

Kwa hiyo, Dada, blauzi yako igeuze ndani nje, utaona na wewe nimekuunga kwapani. Kuivaa au kuiacha nakuachia mwenyewe. Ila wakikuuliza tena ni ya duka gani, tafadhali usinisifu. Na mwaka huu ukiniuliza utume nini, nitakwambia ukweli. Hata ukiwa huna, sema huna, tutakula ubwabwa wetu na nguo za zamani zilizopigwa pasi.

Mama anakusalimu sana. Nilipomsomea barua hii alinitaka nifute pale pa kanisani, akasema unatakiwa kujua yangu, si yake. Nimeacha, anisamehe. Mke wangu, pamoja na kununa kwake, anamsalimu wifi yake. Watoto wanawasalimu binamu zao na wanauliza mtakuja lini. Nisalimie Shemeji, mwambie asibebe vitu vizito.

Utaona bahasha hii ni nyepesi. Kitambaa cha blauzi yako kilibaki vipande viwili vitatu, nikataka nikufungie kama ulivyokuwa unawafungia wateja wa Baba, siku ikichanika upate kiraka. Nilishavikunja, nilishakata uzi, ndipo nikakumbuka kwamba si vyangu kukupa. Viko hapa mezani, vimefungwa. Kesho duka la dawa likifunguliwa navipeleka kwa mwenyewe, na nikifika nitamwambia vingine vilikokwenda. Safari hii kesho ni kesho, Dada. Mama ameshaniambia atakaa mlangoni anione nikitoka.

Mungu awalinde hapo mlipo, awape afya na kazi ya halali.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, ninayekuandikia nimeinamisha kichwa,

Njoo Kesho