Mishale ya Jengo Jipya la Bungoma

Mama Nekesa, mke wangu mpendwa,

Unisamehe kwa kimya hiki. Tangu tulipokuzika hapa Kiminini sijakuandikia hata mstari mmoja, wala sina udhuru. Leo naandika kwa sababu nimekosea kazini, na wewe ndiwe uliyekuwa ukinisahihisha.

Unaikumbuka desturi yetu ya siku za karakana yangu ya vibao kule Kitale. Kabla sijatia skrubu kwenye kuta za jengo lolote, nilibandika vibao vya kuelekeza vya katoni kwa selotepu, kisha nikakusimamisha mlangoni. Hukujua kusoma, wala hukulionea haya jambo hilo. Ulitembea na kikapu chako ukifuata mishale na picha tu. Katika zahanati moja karibu na Kamukuywa ulitokea jikoni badala ya kwa daktari, ukacheka hadi ukakaa chini. "Baba Nekesa, umenileta kwa ugali! Toa hiyo kitu." Nilinuna, lakini nilikitoa.

Mwaka huu nilipewa kazi ya vibao vya jengo jipya la ofisi za serikali mjini Bungoma. Nilivipanga nyumbani, juu ya ramani, nikianzia lango kuu. Vilipokamilika vilipendeza. Hakuna aliyetembea akivifuata.

Siku ya tatu baada ya kuvifunga ukutani nilirudi kukaza skrubu, na ofisi zilikuwa zimeanza kupokea watu. Kumbe lango kuu ni la magari. Wananchi hutoka sokoni wakaingia kwa mlango wa nyuma, na huko mtu hukutana na mshale wa tatu kabla ya ule wa kwanza. Mjane mmoja kutoka Sirisia, aliyekuja kuulizia faili ya shamba la marehemu mumewe, alikuwa amepanda ngazi mara mbili.

"Si nimekuambia ufuate mshale, mama?" askari wa mlangoni alimwuliza.

"Nimefuata, bana! Hiyo mshale imenizungusha mpaka imenirudisha kwako. Ama wewe ndio shamba?"

Watu walicheka. Mimi sikuweza. Nilimpeleka mwenyewe hadi kwenye mlango alioutaka, tukakuta ofisi imefungwa. Alisema atarudi wiki ijayo, akanishukuru. Hakujua anamshukuru nani.

Nimemwandikia msimamizi wa jengo kwamba kosa ni langu, nikaomba ruhusa ya kuvitoa vibao vyote na kuvipanga upya. Amenijibu kuwa ufunguzi rasmi umekaribia, na kwamba matundu ya skrubu yataharibu kuta zilizopakwa rangi juzi, ila atalipeleka ombi langu kwa kamati ya jengo. Nekesa anasema ninajivunjia jina uzeeni. Pengine ni kweli. Lakini jina hilo limo kwenye kona ya kila kibao kinachowapoteza watu.

Wakikubali, nitahitaji mtu wa kutembea mbele yangu, nami sijui nimwombe nani. Hapo ndipo ninapokukosa zaidi.

Kamati itakutana Alhamisi. Wakishaamua, wawe wamekubali au wamekataa, nitakuandikia siku hiyohiyo.

Mumeo,
Baba Nekesa