Manyoya ya Sungura

Lea usipige, siwezi kuongea. Soma tu.

Jana mwanangu Pendo kamwagikiwa na uji wa moto mkononi. Mama mkwe akasema, "Mwagia maji ya baridi, usiweke kitu." Mimi nikakimbilia kwa jirani kuchukua manyoya ya sungura, nikambandika. Mimi, mhudumu wa afya, ninayezunguka kijiji kizima kuwakataza watu hayo hayo manyoya.

Leo zahanati nesi kayalowesha kwa maji ya dripu, kayatoa kwa kibano, moja moja, na ngozi inakuja nayo. Mtoto kalia mpaka sauti imekauka.

Halafu akamfunga kitambaa cha gozi chenye vaselini. Anasema gozi kavu ingegandia, kila tukibadilisha tunamchuna upya. Hii haigandi, maumivu yanapungua na kidonda kinapona mapema.

Ndipo akauliza, "Nani kabandika manyoya?"

Nikasema, "Bibi yake."

Nilisema bibi yake, Lea. Na mama mkwe amesimama pale pale, kampakata Pendo.

Nesi akamgeukia, "Bibi, mkweo ndiye anatufundishia kijiji, humsikii?" Kisha akaniambia mimi, "Usimwachie tena mtoto."

Mama mkwe akainama. "Nisamehe mwanangu. Sisi wazee hatusikii."

 Mpaka tunatoka sikusema ni mimi.

Njia nzima mama mkwe alimbeba Pendo. Tumefika mlangoni, akanipa Pendo taratibu asimguse mkono.

"Mshike, Mama Pendo. Mimi nimekatazwa."