Baba Aitwa Marehemu Redioni

Jumapili, mtaa wa Fedha

Marehemu! Mtangazaji amelisema neno hilo mara mbili, na Baba ameketi hapo hapo kando ya redio, anakunywa chai.

Walikuwa wakisimulia historia ya wimbo mmoja wa roki wa bendi ya zamani ya kina Baba, santuri iliyotoka Baba akiwa kijana. Miaka yote sifa zimemwendea mwimbaji. Leo ndiyo mara ya kwanza kumtaja mpiga gitaa, yaani Baba, kwa jina, halafu wanamzika.

Nikashika simu, nimewaka. "Nawapigia sasa hivi!"

"Wacha tu, mama," Baba akaniambia. "Wakijua niko hai, watanisahau tena."

Kisha akaninyooshea mkono nimfunge kifungo cha shati. Vile vidole vya gitaa vimekataa kabisa.