Haiko Mubaya

Kalehe, 4/3/2024

Dada Apolline,
Amani ya Yezu ikukute wewe na mama. Huku tuko wazima, ni magoti yangu tu yanasumbua. Modeste wa boti anasema mama haamuki tena kitandani. Nami binti yangu Gloire anangojea kuzaa siku yoyote. Dada, sema kweli: kama mama iko mubaya, napanda boti ya kesho, Gloire atabaki na jirani. Kama haiko mubaya, nangoja mutoto atoke kwanza. Nakuamini wewe.
Mudogo wako, Eulalie

Nyalukemba, 6/3/2024

Mudogo wangu,
Amani hiyo ikurudilie, na pole ya magoti. Mama haiko mubaya. Chakula hakatai. Usiku halii tena. Hata jana hakukosa kukuuliza. Ubaki na Gloire, hakuna haraka. Nawaombea kila rozari.
Dada yako, Apolline

Kalehe, 13/3/2024

Dada,
Sijui nikusalimu namna gani. Nilikuwa naosha mutoto mwanamuke wa Gloire, Modeste akaniambia: “Pole, maman, juu ya mazishi.” Mazishi gani? Ya tarehe nane! Ungemupa barua asubuhi, jioni ningekuwa kwako. Uliandika haiko mubaya, na mukono wako mwenyewe!
Mudogo wako, Eulalie

Nyalukemba, 17/3/2024

Mudogo wangu mupenzi,
Uko namna gani? Mutoto ananyonya vizuri?
Sikuandika uongo, soma tena. Chakula hakukataa: koo haikupitisha tena kitu, sikumupa tena, angekataa nini? Hakulia: nguvu ya kulia iliisha. Na kukuuliza, kweli hakukosa. Hiyo ndiyo iliniua.
Miaka mine nimemugeuza, nimemuosha, nimefua mashuka yake. Kila nikimuinua: “Asante, Eulalie.” Namuambia, “Mama, ni Apolline.” Anacheka: “Apolline hana mikono mizuri hivi.” Basi nikasema moyoni, siku hizi za mwisho awe wangu peke yangu. Ungekuja, hangeniangalia hata kidogo.
Alikufa ananishika. Alisema: “Eulalie, umekuja.” Nikajibu: “Ndiyo, mama.”
Nimeungama. Padri alinipa rozari mbili, nimesali kumi na bado silali. Wewe ndiye nimebaki naye. Unitukane kama unataka, lakini unijibu.
Dada yako, Apolline

Kalehe, 2/4/2024

Apolline,
Barua nimepata.
Sikuchukii.
Eulalie