Mwalimu, Mistari Yako Nimeirudisha

Mwalimu Mbithi,

Najua ungenicheka. Ungesema, Njeri, marehemu hasomi meseji. Lakini tangu tulipokuzika kule kwenu Kangundo sijapata mtu wa kugombana naye kuhusu kazi, na wiki hii nina ugomvi umenijaa mpaka kooni. Kwa hivyo utanisikiliza, utake usitake.

Toleo jipya la kiunzi limetoka. Lile ulilokuwa ukiniuliza limefikia wapi ukiwa kitandani hospitalini, kabla hata sijakuuliza umelalaje. Wenzetu wote mjini hukitaja kwa Kizungu, framework, ila wewe, mtoto wa mchonga vinyago, ulishikilia kwamba kiunzi ni kiunzi: miti ambayo wengine wamekukatia na kukuunganishia, wewe kazi yako ni kuta na paa. Ndivyo ulivyonifundisha kutengeneza programu za mtandaoni, na nilikuwa nakasirika kwa sababu sikutaka masomo ya useremala.

Ni zuri, Mwalimu, siwezi kukudanganya. Ukurasa sasa unajibadilisha wenyewe. Ombi la mama mjamzito likiingia unaliona papo hapo, hubonyezi kitu. Zile kazi za nyuma ya pazia tulizoziwekea programu nyingine kabisa, kisha tukaomba Mungu isizime, sasa kiunzi kinazipanga foleni chenyewe. Na kina mlinzi. Mtu akibisha mfululizo, mlinzi anampokea mara ya kwanza, halafu anamfungia mlango, kwa kuwa huko duniani wanaobisha hivyo ni wezi. Huyo mlinzi nilimpenda kuliko vyote. Toleo letu la zamani lilikuwa limeachwa na wenyewe, likitoboka hakuna wa kuliziba, na ndani mna majina ya akina mama wote wa kliniki, nyumba wanazokaa na miezi ya mimba zao. Kuhama ilikuwa lazima.

Basi nikakaa chini nikaanza kufuta mistari yako ya programu. Ulikuwa umeandika kwa mkono vitu ambavyo kiunzi sasa kinakuja navyo. Kila nilipofuta niliumia, nikajiambia hata wewe ungefuta. Labda ungefuta. Sijui. Hapo ndipo unapokosekana.

Nilihamisha Jumamosi asubuhi, watu wakiwa macho, kama ulivyozoea. Nilikuwa pale kwangu mtaa wa Fedha, chai mkononi. Nikachukua simu yangu nikaipigia nambari ya mfumo mara moja, nikakata, nikangoja. Ombi likatokea kwenye ukurasa lenyewe. Kila kitu kilikuwa kijani, hakuna kosa. Nilikutafuta kwa macho, Mwalimu, nikuonyeshe, kisha nikakumbuka.

Saa zikaenda. Kisha Mutua akapiga, bado ndiye dereva wetu, na gari ni lile lile lenye mlango unaofunguka kwa teke. Sauti yake haikuwa na utani hata kidogo.

"Njeri, hiyo kitu yako inafanya kweli? Simu imenyamaza tangu asubuhi. Saturday mimi hukuwa sijakaa chini saa hizi."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia pengine leo wanawake wa Eastlands wamepumzika, na yeye anywe chai apumzike. Akakata simu. Nami nikaiweka chini ile chai yangu, kwa sababu wewe ulikuwa ukisema mtaa huu haujawahi kunyamaza bure.

Nikafungua kumbukumbu za seva, mahali inapoandika waliokataliwa. Nambari moja ya mama wa mtaa wa Baba Dogo. Imekataliwa. Imekataliwa tena. Na tena, na tena, ukurasa mzima.

Unakumbuka siku ulipokataa fomu ya kuitia gari? Ulikaa na akina mama kwenye mabenchi ya kliniki, ukarudi ukasema mtu aliyeshikwa na uchungu hajazi fomu, na wengi hata kredo ya kupiga simu hawana. Ukapatana nao hivi: ukiflash, yaani simu ilie kidogo ukate, mara moja, una swali, nesi atakupigia alasiri. Ukiflash mara tatu mfululizo, gari lije sasa hivi. Wakacheka, wakasema hivyo ndivyo wanavyowaita waume zao. Na mistari yako, ile niliyoifuta, kazi yake ilikuwa kuzihesabu hizo flash.

Mlinzi wangu mpya alikuwa akipokea ya kwanza na kuzitupa zinazofuata. Kila aliyekuwa akilia "njooni" aligeuzwa kuwa mwenye swali la alasiri. Na mimi nilijaribu mfumo kama mtu mwenye kredo, Mwalimu. Nilipiga mara moja, nikangoja kwa adabu. Nimezaliwa mtaa wa Huruma, nimelelewa kwa flash, na nikajaribu kama mgeni.

Niliipigia ile nambari papo hapo. Alipokea jirani wa mwenye simu.

"Nyinyi ni watu wa aina gani? Tumewaflash mpaka tumechoka. Huyu msichana hawezi tena kutembea."

Msichana mwenyewe ni Wairimu, ndiyo mimba yake ya kwanza. Chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka asubuhi. Baada ya kungoja gari ambalo halikuja, walikuwa wameondoka kwa miguu, na sasa walikuwa wameketi kwenye kibaraza cha duka upande wa Kiamaiko. Nikampigia Mutua. Hakunilaumu, aliuliza tu duka gani, nikasikia mlango ukipigwa teke. Nilimwambia asikate simu.

Ilikuwa siku ya soko la mbuzi huko. Nilisikia mbuzi, Mwalimu. Mbuzi wengi, honi, na Mutua akiwaomba wachuuzi wapishe, kisha akiacha kuomba na kuanza kutukana. Simu iko sikioni, mkono mwingine unairudisha mistari yako kutoka kwenye nakala ya zamani, nakosea, narudia. Niliogopa kwamba mwingine alikuwa anaflash dakika hiyo hiyo. Niliogopa pia kwamba Wairimu atakufa na mimi nimekaa sebuleni. Sauti za wachuuzi zikabadilika, wakaanza kufokeana wao kwa wao, toa hao, toa hao, gari likasonga. Halafu simu ya Mutua ikakatika.

Sijui nilikaa muda gani. Mistari ilikuwa imerudi, nikaflash mara tatu mwenyewe, mfumo ukapokea, lakini sikuona raha yoyote. Mutua akapiga tena. Nikaita jina lake. Akasema mtoto alizaliwa garini mlangoni mwa kliniki na hakulia, nesi akamchukua mbio. Nikasikia hatua zake zikiwafuata ndani.

Kisha akasema, "Sasa analia. Sikiza."

Jumatatu nilikwenda kumwona Wairimu. Nilikuwa nimepanga maelezo yangu vizuri, toleo, mlinzi, kila kitu. Aliniangalia tu, mtoto yuko kifuani, akasema bila hasira, "Nilidhani mmechoka na sisi." Maelezo yote nikayaacha. Nilimwomba msamaha, nikatoka, nikalia kwenye ngazi za kliniki kama siku ile ya mazishi yako.

Mlinzi nimemwacha kazini, maana wezi wapo. Ila nimempa nambari za akina mama wetu na kumwambia hawa wakibisha, wabishe wanavyotaka. Na siku nyingine nikihamisha kitu, nitaanzia kwenye yale mabenchi, wao ndio waniflashie kwanza.

Kuna jambo moja la mwisho. Nilipokuwa nikifuta sikuwa nasoma. Wakati wa kurudisha nimesoma faili lako lote, mpaka chini kabisa. Umeandika kwamba dereva asipopokea, apigiwe nesi, na nesi asipopokea, ipigwe nambari moja ya mwisho. Ni yako. Miezi hii yote, mtu akikosa kila msaada, mfumo ungempigia marehemu, kwenye simu ambayo mkeo aliizima akaifungia kabatini. Nilitafuta kama kuna aliyewahi kufika huko. Hakuna. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Nimeitoa, Mwalimu. Haikuwa rahisi, nilikaa nayo mbele yangu nikaisoma kama jina. Umepokea simu za kutosha, sasa pumzika. Nakuaga kwa kweli safari hii, pale kaburini sikuweza. Nambari iliyoko pale chini sasa ni yangu. Wote wakikosa kupokea, inalia kwangu, na nakuahidi nitapokea.

Njeri