Baba Alikuwa Mmoja Kati ya Arobaini na Sita

Mama Marcella mpendwa,

Nimekaa peke yangu kwenye chumba cha walimu, wenzangu wako darasani, na kabla sijapoteza ujasiri nataka nikueleze jambo nililolifanya ambalo sijui nalitengenezaje. Mimi ni msomaji wa safu yako gazetini, mwalimu wa hisabati katika shule moja hapa Embu, nyumbani kwetu ni Kiirua lakini naishi Majimbo na mke wangu Igoki, na miaka yote watu wamenijua kama mtu makini, yule anayesahihisha karatasi mia mbili bila kukosea jumla, kwa hiyo wanaonifahamu wakijua ni mimi ninayeandika haya watashangaa.

Baba yangu, Mzee Mutembei, alipatwa na kiharusi Januari mwaka jana, upande wa kulia ukalegea na maneno yakapotea, si kwamba haelewi, anaelewa kila kitu, ila neno linamkwama njiani na akilazimisha linatoka lingine, na mtu aliyekuwa akiongoza mikutano ya wakulima wa viazi mpaka watu wanashika mbavu kwa kicheko akawa anageukia ukuta wageni wakija. Daktari alisema azoeze akili na vidole, basi likizo ya Agosti nikaenda nikamfundisha chesi kwenye simu, tukakaa barazani wiki mbili nikidhani atachoka, kumbe aliipenda kuliko mimi, na nilipokuwa narudi kazini tukakubaliana tucheze mchezo mmoja polepole, kila mtu akiwa na siku tatu za kufikiria kabla ya kusogeza kete, na kando ya ubao huo wa kwenye simu kuna mahali pa kuandikiana ujumbe.

Mwanzoni ilikuwa raha, kila asubuhi ng'ombe wakishakamuliwa naona Baba amesogeza askari wake, nami najibu nikinywa chai. Halafu klabu ya chesi ya shule yetu ikafanya vizuri kwenye mashindano, jina langu likajulikana, watu wakaanza kuniomba mchezo na mimi sikuweza kumwambia mtu hapana, wanafunzi kumi na wawili, wenzangu wa chuoni, jamaa mmoja wa Laare anayecheza huku akingoja wanunuzi wa miraa, wageni wa nchi ambazo ningelazimika kuzitafuta kwenye ramani, na kufikia Machi mwaka huu nilikuwa na michezo arobaini na sita inayoendelea kwa wakati mmoja. Mama, mtu mwenye mbao arobaini na sita hafikirii, anafungua, anasogeza chochote, anafungua mwingine. Nilisogeza kete gwaride likiendelea, kwenye kiti cha kinyozi, kanisani kati ya wimbo na wimbo. Siku moja Igoki aliniuliza, "Nikuwekee chai?" nikamjibu, "Ngoja, si zamu yangu." Siku hiyo alicheka. Mara ya pili hakucheka.

Na si kwamba nilikuwa nashinda, nilikuwa nashindwa na watoto. Kaari, msichana wa Kidato cha Tatu, alinijia baada ya somo akaniambia kwa upole, "Mwalimu, malkia wako amekaa wazi siku mbili. Niliogopa kumla, nilifikiri ni mtego."

"Mle tu," nikamwambia, nikiwa nimeinamia simu.

Hakuondoka, akaniuliza, "Mwalimu, kwani nacheza na nani?"

Hata hilo halikuniamsha. Kilichoniamsha kilikuja wiki tatu zilizopita. Lakini kwanza nikuambie kwamba kuna wageni waliokuwa wakinitukana nikichelewa kusogeza, kwa hiyo nilikuwa nimezima ujumbe wote, wa kila mtu, nikawa naona kete peke yake, na sikukumbuka kwamba kati ya hao wote kulikuwa na mtu mmoja ambaye kuandika kwa kidole gumba cha kushoto ndiyo sauti aliyobaki nayo. Basi siku hiyo simu ikaniarifu kwamba nimeshindwa mchezo kwa sababu siku zangu tatu zimekwisha, nikafungua nione ni nani, na alikuwa Baba, nami sikukumbuka hata mchezo wetu ulikuwa umefika wapi. Nikawasha ujumbe. Alikuwa ameniandikia mara kumi na tisa. Ameandika Kimeru, mimi nakuwekea kwa Kiswahili.

"Leo nimefika mlangoni bila fimbo."

"Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike."

"Mwongera, umeona?"

"Jumapili ya pili nitasimama kanisani nitoe shukrani. Mchungaji amekubali. Njoo unishike mkono wa kulia."

Halafu Jumapili hiyo yenyewe: "Nimesimama. Kaimenyi alinishika." Kaimenyi ni jirani yetu. Na wa mwisho, aliouandika siku moja kabla ya muda wangu kwisha: "Kama nimekukosea, niambie."

Nilimpigia simu dada yangu Gatakaa, anayeishi naye, nikamuuliza kwa hasira kwa nini hakuniambia habari ya kanisani. Akasema Baba alimkataza, alitaka aniambie mwenyewe kwa maneno yake mwenyewe, na niliposhindwa kufika yeye alidhani nimenyimwa ruhusa shuleni. Nilipomweleza ukweli akasema, "Sasa nimwambie nini huyu mzee? Kwamba ana wenzake arobaini na watano?" Tukakubaliana, Mama, nami ndiye niliyesema sawa, kwamba amwambie Baba simu yangu iliibiwa.

Ijumaa watu wa gari wakapiga simu shuleni kwamba nina kifurushi stendi. Ndani kulikuwa na simu ya Baba, imefungwa kwenye skafu yake ya sufu, chaja imekunjwa vizuri, na kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kama mahindi baada ya upepo: "Tumia hii. Mimi niko nyumbani, siendi mahali."

Niliiwasha pale pale stendi. Kwenye simu yangu kulikuwa na michezo arobaini na mitano. Kwake kulikuwa na mmoja tu, na juu yake pameandikwa, Umeshinda.

Sasa simu hiyo iko kwenye droo yangu na Baba hana tena cha kuandikia. Gatakaa anasema niirudishe na watu wa gari, niseme yangu imepatikana, kwa sababu presha ya Baba iko juu na ukweli utamuumiza. Igoki anasema nikirudisha simu na uongo wa pili nisimwonyeshe uso wangu. Na michezo mingine naiachaje, wanafunzi na watu walioniamini? Nakiri pia, na hili ndilo linalonitisha zaidi, kwamba tangu nianze barua hii nimesimama mara tatu nikasogeza kete.

Nisaidie.

Mwongera, Majimbo, Embu

*

Mwalimu Mwongera,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nililazimika kuiweka chini. Pole. Nimesema pole, sasa nisikilize.

Usiulaumu mchezo wa chesi. Mchezo huo ulimpa baba yako kazi ya kumwamsha asubuhi. Ulichokosea ni kutaka kila anayekuomba akuone mwema, wa Laare, wa ng'ambo, wa chuoni, na ili uwatosheleze wote ukawa unampa kila mmoja kidole chako tu. Yule msichana Kaari alikuuliza swali ambalo ningependa ulijibu kabla hujalala leo. Alikuwa akicheza na nani? Mwanafunzi aliona mwalimu wake hayupo, akasema kwa adabu, na wewe ukaendelea kuinamia simu. Na Igoki naye alikuona mapema. Ulikuwa na watu wawili wa kukuamsha na hukuamka.

Kuhusu michezo hiyo arobaini na mitano, usiiache ijifie yenyewe, maana kuiacha muda uishe ndiko kulikokufikisha hapa. Mwandikie kila mtu mstari mmoja, "Nimeshindwa kukupa akili yangu, umeshinda, samahani," kisha ukubali kushindwa. Utashangaa ni wangapi hawatajali. Wanafunzi wako watoe kwenye simu kabisa, wacheze nawe shuleni, kwenye ubao wa mbao, saa za klabu, mnatazamana. Halafu futa hiyo programu. Uliniandikia barua ya kumlilia baba yako na ukaikatiza mara tatu usogeze kete, kwa hiyo usiniambie utapunguza kidogo kidogo. Mpe Igoki simu aifute yeye, wewe ukimtazama.

Sasa baba yako. Namwelewa Gatakaa. Anayemuuguza mtu kila siku huogopa kila kitu kinachoweza kumtikisa, na mimi mwenyewe nilimuuguza mama yangu aliyepoteza sauti, kwa hiyo najua hofu hiyo. Lakini soma tena ujumbe wa mwisho wa baba yako. Mzee huyu hakuuliza simu yako iko wapi. Aliuliza amekukosea nini. Kwa siku kadhaa amekaa hapo barazani akipekua maisha yenu tangu ukiwa mtoto, akitafuta kosa lake, na huo uongo wa wizi haukulitoa swali hilo moyoni mwake, ulimnyang'anya tu chombo cha kuliulizia. Alikuwa na njia moja ya kusema, akaifunga kwenye skafu akakutumia wewe. Kisha mnaniambia ni ukweli utakaomuumiza?

Kwa hiyo hakuna kifurushi. Jumamosi hii panda gari wewe mwenyewe. Mpigie Gatakaa kwanza, umuulize saa ambayo baba amekula, amemeza dawa na ametulia, umwambie pia kwamba uongo ule utaubeba wewe, asionekane yeye ndiye mwongo katika nyumba anayolala. Kisha kaa mbele ya mzee, umpe simu yake mkononi, useme kwa Kimeru, maana lugha ya nyumbani haina pa kujificha, kwamba simu haikuibiwa, kwamba ulikuwa ukicheza na watu wengi na hukusoma alichoandika, na kwamba yeye hajakukosea lolote. Usianze na sababu. Usimwambie jinsi ulivyochoka. Kisha fungua ujumbe wote kumi na tisa, usome mmoja mmoja kwa sauti, na kila mmoja uujibu. Ndama nenda ukamwone.

Akikasirika, mwache akasirike, ana haki, na hasira ya mtu aliyeambiwa ukweli hupoa haraka kuliko wasiwasi wa aliyedanganywa. Usikimbilie kwa mchungaji kuomba shukrani nyingine ili safari hii uwe wewe wa kumshika mkono. Ile ilikuwa siku yake na imepita, na aliyemshika ni Kaimenyi. Nenda kwa Kaimenyi umshukuru.

Na jambo la mwisho, nalo ndilo gumu kwa mtu aliyezoea kujibu upesi. Neno litakapomkwama, usimmalizie. Hata kama unalijua. Kaa hapo mpaka alitoe.

Wasomaji wangu, jibu hili nilimpigia Mwongera simu nikamsomea kabla halijafika gazetini, kwa sababu Jumamosi ilikuwa karibu. Jumatatu alinipigia yeye, akaniruhusu niwaambie wasomaji yaliyotokea. Alimweleza baba yake kila kitu. Mzee akaanza neno, likakwama, akaanza tena, na Mwongera anasema alijiuma ulimi asimsaidie. Mwishowe likatoka.

"Arobaini... na sita?"

"Ndiyo, Baba."

"Na ulikuwa... unashinda?"

"Hapana, Baba. Hata watoto wamenipiga."

Mzee akacheka kwa upande wa kushoto wa mdomo, kisha machozi yakamtoka, na Gatakaa akaja mbio kutoka jikoni akidhani ni presha. Simu aliichukua, akaiweka mfukoni, akakataa kucheza. Alisema hayuko tayari, labda mwezi ujao, ataona. Lakini baadaye aliitoa tena, akasoma pamoja na mwanawe ule ujumbe wote, na walipoufikia ule wa kanisani alinyanyuka mwenyewe akitaka waende kwa Kaimenyi. Ni mashamba mawili tu kutoka hapo, mwendo wa dakika tano kwa mtu mwenye afya. Walitumia nusu saa, mzee akisimama kila mara kumwonyesha mwanawe viazi vya nani vimechanua, na Mwongera akiwa upande wa kulia.