Sauti ya Mke Wangu Kwenye Banda la Video

Nachingwea, Jumapili. Mvua imekatika tangu asubuhi lakini joto limenibana kifuani. Au si joto.

Leo hatupakii korosho. Nimekuja kwenye kibanda cha kompyuta, nabonyeza kwa kidole kimoja. Shule niliiachia darasa la tano, mnivumilie.

Mke wangu yuko kwetu Kondoa. Hajui kusoma, kwa hiyo barua zetu ni kaseti. Anazungumza kwenye redio ya kaka yake, anampa mtu wa basi, nami namjibu hivyo hivyo. Safari hii kaseti yake imefika wakati redio yangu imekufa. Nikaipeleka kwa Selemani.

Selemani ni Mrangi mwenzangu. Hapa mjini simjui mwingine. Anaangalia banda la video la tajiri mmoja, na ndani kuna mashine kubwa ya muziki, ile ya homu thieta, spika kila kona. Mchana, banda likiwa tupu, alichomeka deki ya kaseti nyuma ya mashine kwa waya nyekundu na nyeupe, hedifoni akazichomeka mbele. Spika zote zikanyamaza.

"Sikiliza kwa raha zako, kaka," aliniambia. "Hata mimi sisikii kitu." Akatoka nje.

Mke wangu alilia kidogo. Akasema usiku analala na jembe nyuma ya mlango. Akasema nirudi hata mikono mitupu. Kisha akaniita jina ambalo ni yeye tu huniita, kwa Kirangi, maana yake kichuguu, kwa sababu nikilala sigeuki. Nilicheka peke yangu, masikio yamefunikwa, kama mwehu.

Sikujua kwamba nyuma ya mashine kuna deki nyingine imeunganishwa, ile anayonakilia watu kaseti za muziki. Kinachochezwa kwenye mashine kinaingia humo, hata spika zikiwa kimya.

Ijumaa, ghalani, nikiwa na gunia mgongoni, mtu akapaza sauti: "We Kichuguu! Geuka basi!"

Ghala zima likaangua kicheko.

"Mwacheni bwana," mwingine akadakia, "mwenzenu anatakiwa kwao, hata mikono mitupu!"

Nililitua gunia nikaondoka. Msimamizi aliniita, sikugeuka.

Selemani nilimkuta anapangusa mashine. Hakukataa. "Nilisahau kuzima ile deki, kaka. Vijana wakaikuta kaseti, wakaicheza. Bahati mbaya."

Nilitaka kumwamini. Kweli nilitaka. Mtu anaweza kusahau kuzima kitu.

Lakini wapakiaji wenzangu ni Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua. Hakuna hata mmoja anayejua Kirangi. Deki ilinasa sauti tu.

Nikamuuliza kwa lugha yetu: "Nani aliwaambia maana yake?"

Akanijibu kwa Kiswahili. "Ulikuwa utani tu, bwana."

Hapo ndipo nilipoumia. Akanipa kaseti aliyonakili, nikauvuta utepe wote nje mpaka ukajaa miguuni. Haikusaidia. Jana pia wameniita Kichuguu, na leo asubuhi muuza chai naye kaniita.

Mke wangu alisema maneno yale akijua yanaingia sikioni mwangu tu. Nami ndiye niliyeyapeleka bandani kwa mguu wangu.

Anasubiri jibu. Mama mwenye nyumba yangu amekubali kuniazima redio yake ya betri. Jioni hii nitaingia nayo kwenye mikorosho, njia ya Mkotokuyana, niongee mahali pasipo na mtu. Ya Selemani sitamwambia mke wangu, aibu hii nibaki nayo mimi tu. Ila nitamwomba lile jina asilitie tena kwenye kaseti. Alitunze, nikirudi aniite mwenyewe, karibu.

Namjua. Ataniuliza, lini?